Chupa Juu ya Friji

Mwezi uliopita tuliongelea nani anapaswa kulipa kodi ya nyumba, na akina kaka mmenishambulia kweli kweli. Poa tu, nimepokea. Mwezi huu tupumzike na mambo ya fedha, tuingie jikoni. Si kwa ajili ya mapishi. Nenda hadi kwenye friji lako, inua mkono, papasa kule juu, halafu uniambie umekuta nini.

Ngoja nikubashirie. Risiti za LUKU. Betri za rimoti zilizokwisha. Funguo ambazo hakuna mtu ndani ya nyumba anayejua zinafungua nini. Na chupa mbili tatu za dawa ya maji: moja ya kikohozi iliyoganda sukari mdomoni, moja ya homa ya mtoto, na moja ambayo lebo yake imelowa na haisomeki tena. Nimekosea? Basi wewe ni mmoja kati ya wachache. Wengine wote tuendelee kusoma.

Niwape kisa changu kwanza, maana sipendi kuwasema watu wakati mimi mwenyewe sijasafika.

Ilikuwa mwezi wa pili, lile joto la Dar ambalo hata feni linapuliza mvuke. Junior alikuwa na miaka mitatu. Mwishoni mwa Januari aliugua sikio, tukaandikiwa amoksilini ya maji, ile inayouzwa ikiwa unga ndani ya chupa, nawe unaongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kwenye alama. Siku ya nne mtoto akachangamka, akaanza kuruka kwenye kochi, na sisi, kama wazazi wengi wa mjini wenye haraka, tukaishia hapo. Chupa ikapanda juu ya friji. Hakuna aliyeiweka kwa makusudi. Ilijikuta tu iko pale.

Wiki tatu baadaye homa ikarudi usiku. Baba Junior yuko Mwanza kikazi. Nampigia simu saa tano za usiku, namwambia, "Baba Junior, mtoto anachemka, na analalamikia sikio." Naye kwa sauti ya usingizi: "Si kuna ile dawa juu ya friji? Mpe hiyo, mama, tuone." Nikampa, na ya homa pia. Asubuhi joto limeshuka, mimi nina kikao saa tatu, nikamwachia dada maagizo mlangoni huku natafuta viatu: kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Siku ya tatu mtoto hali, anavuta sikio, analia kile kilio cha chini chini ambacho mama yeyote akikisikia tumbo linamkatika. Siku hiyo hiyo Baba Junior akatua, tukakutana hospitalini.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, wa kuongea taratibu. Alimwangalia mtoto, kisha akaomba kuona dawa. Akainua ile chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaiinamisha. Chini kulikuwa na tope kama unga wa muhogo uliolowa, na rangi iliyokuwa ya waridi imekuwa kama chai iliyokosa maziwa ya kutosha. Akauliza swali moja tu: "Hii ilikorogwa lini?"

Mimi nikamtazama Baba Junior. Baba Junior akanitazama mimi.

Ule ukimya sijausahau mpaka leo. Watu wawili wenye digrii, simu mbili mbili, kalenda ofisini zimejaa vikao mpaka mwezi wa sita, na hakuna anayejua dawa ya mtoto wao ilitiwa maji tarehe ngapi. Daktari hakutugombeza. Alisema tu, "Ikishakorogwa, hii ni siku saba. Na mngeweza kuja mapema badala ya kumpa iliyobaki." Ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka. Akatupa dawa mpya na tarehe ya kurudi, akatuambia mara nyingi huziba yenyewe, tusubiri.

Ndani ya gari ndipo vita ilipoanza. "Nilidhani unajua wewe, wewe ndiye uliyeikoroga." "Na wewe ndiye uliyesema nimpe." Mnaijua hiyo nyimbo. Lakini kilichoniumiza si yale maneno. Kwa wiki kadhaa baada ya pale nilikuwa nasimama nyuma ya mtoto anapocheza, nikimwita kwa sauti ya chini, nione kama atageuka.

Sasa, kwa nini dawa ya maji ina mambo mengi hivyo wakati kidonge unaweza kukisahau kwenye droo na kikakusubiri? Mfamasia wa mtaani kwetu alinielezea vizuri. Unga mkavu ndani ya chupa iliyofungwa umelala. Unaweza kukaa hata miaka, ndiyo maana kiwandani hawauti maji. Siku unayotia maji umeuamsha. Maji yenyewe huanza kuivunja amoksilini polepole, na joto linaharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo kuna tarehe mbili, na sisi wengi tunasoma moja tu. Ile iliyochapwa kwenye boksi ni ya chupa ambayo haijaguswa. Ukishafungua au kukoroga, saa nyingine inaanza kuhesabu: kwa dawa nyingi za namna hiyo ni siku saba, nyingine kumi, nyingine kumi na nne, kutegemea aina na kiwanda. Imeandikwa pale pale kwenye lebo, kwa herufi ndogo kuliko sisimizi.

Na juu ya friji je? Hapa ndipo nilipojisikia mjinga. Siku zote nilidhani juu ya friji ni karibu na friji, kwa hiyo pana ubaridi. Kumbe friji linafanya kazi kwa kutoa joto ndani na kulitupa nje, na joto likitoka mgongoni linapanda. Weka kiganja chako pale jioni, utaona. Chupa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi joto 30. Chumba chenyewe cha Dar kwa mwezi wa pili kinapita hapo mchana bila msaada wa friji. Dirishani jikoni ni balaa, juu ya jiko usiseme. Na kwenye gari? Gari lililoegeshwa juani madirisha yamefungwa linaweza kupita nyuzi 50. Yule anayenunua dawa saa nne asubuhi, akaiacha kwenye droo ya gari mpaka anapotoka kazini saa kumi na moja, amepeleka nyumbani kitu kingine.

Basi wapo wanaosema, shida iko wapi, weka kila kitu ndani ya friji. Hapana, wapenzi. Hata mimi niliruka kutoka kosa moja hadi jingine. Baada ya tukio lile nilijaza mlango wa friji chupa mpaka maziwa yakakosa nafasi. Dawa ya homa ya mtoto, ile ya parasetamo, haihitaji friji, inataka kivuli na mfuniko uliobana tu. Klarithromaisini ya maji ndiyo kabisa, ukiiweka kwenye baridi inakuwa nzito na chungu zaidi, mtoto anaitema yote kwenye shati lako. Na mlango wa friji si mahali pazuri hata kwa zile zinazotaka baridi, maana kila mtu akifungua kutafuta soda, joto linaingia hapo kwanza. Rafu ya katikati, nyuma kidogo lakini isigusane na ukuta wa barafu, ndiyo sehemu yake. Kama hujui dawa yako ni ya kundi gani, muulize mfamasia kabla hujatoka dukani. Ni swali la sekunde kumi.

Kuna na mambo ya friza. Mama mkwe alikuja kukaa nasi kutoka Tanga. Ana kisukari, anajidunga insulini. Alifika jioni amechoka, mtu mwenye nia njema akachukua kile kifurushi akakiweka friza "ili kikae salama zaidi". Asubuhi kimekuwa jiwe. Wakakiyeyusha, kinaonekana safi kama maji ya chemchemi, huwezi kukitambua kwa macho. Lakini insulini ikishaganda imekwisha, hairudi, hata ukiibembeleza. Siku mbili sukari ya mama inapanda na hatujui kwa nini, mpaka alipouliza mwenyewe: "Mwanangu, hii mliiweka wapi usiku ule?" Na kwa kuwa safu hii inasimamia haki, naomba iandikwe kwamba mwenye nia njema hakuwa mimi wala dada wa kazi. Alikuwa mwanawe mwenyewe wa kumzaa.

Insulini ambayo haijaanza kutumika inakaa friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ile unayoitumia sasa inaweza kukaa nje sehemu ya ubaridi kwa takribani wiki nne kwa aina nyingi, na hata kudunga kunauma kidogo ikiwa haina baridi ya friji. Na kwa wenzetu ambao friji hakuna, au LUKU inaisha katikati ya mwezi? Bibi zetu walikuwa na jibu pembeni ya jiko. Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliopima vyombo mbalimbali vya kutunzia insulini mahali pa joto bila umeme, na vyungu vya udongo vilivyolowanishwa vilishusha joto vizuri. Maji yanapenya udongo, yanakauka kwa nje, yanaondoka na joto. Mtungi ule ule. Tahadhari moja: unafanya kazi vizuri zaidi kwenye hewa kavu. Dodoma utaufurahia, Dar yenye unyevunyevu usitegemee miujiza. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo yaliyotokana na hali ya joto waliyoipima kambi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Insulini iliyowekwa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku mmoja usiitupe dawa ya mama kwa hofu, na usikimbilie friza. Mpigie aliyemwandikia, muulize.

Turudi kwenye kijiko. Yule "kijiko kimoja" niliyemwachia dada alikuwa kijiko gani? Nyumbani kwetu kuna vijiko vya chai vya harusi, vya mama mkwe, na vile viwili vya plastiki vilivyokuja na ubuyu. Mwaka 2010 watafiti mjini Athens, Ugiriki, walikusanya vijiko vya chai kutoka nyumba 25 wakavipima. Kidogo kabisa kilibeba mililita 2.5, kikubwa mililita 7.3. Dawa inapoandikwa kijiko cha chai inamaanisha mililita 5. Yaani jirani wawili wenye maagizo yale yale, mmoja anampa mtoto nusu na mwingine anampa moja na nusu, wote wanaapa wamefuata. Tumia kile kikombe kidogo au bomba la sindano lisilo na sindano. Kama boksi halikuja nalo, omba famasi. Tikisa chupa kila mara kabla ya kumimina, maana dawa inatuama chini. Usipotikisa, wiki ya kwanza mtoto anakunywa maji na siku za mwisho anakunywa dawa ya wiki nzima. Na tafadhali, usimnyweshe mtoto moja kwa moja kwenye chupa. Mate yakiingia humo, umeanzisha shamba la vijidudu. Dawa za macho nazo, mdomo wa chupa usiguse kope, na nyingi ukishafungua ni wiki nne, tupa hata kama imebaki nusu. Najua inauma. Bei yake naijua.

Sasa nakuja kwenye barua, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya yote mwezi huu na si mwezi mwingine.

Dada mmoja wa Mbezi, ana miaka miwili ya ndoa na mtoto anayetambaa, ameniandikia kurasa tatu. Shemeji yake anaishi Marekani, katika jimbo ambalo vitu hivi vinauzwa dukani. Alipokuja likizo alimletea kaka yake kichupa cha kahawia chenye kidude cha kudondoshea, mafuta ya CBD, yanayotokana na mmea wa bangi, eti yatamsaidia usingizi na stresi za kazi. Mume akakificha kwenye droo ya soksi. Mke amekikuta akipanga nguo, mfuniko haujabana, mafuta yamevuja kwenye karatasi, na mtoto siku hizi anafungua droo zote. Anaomba kujua mambo mawili: kitu kile kinatunzwaje, na je, akasirike au asikasirike?

Dada yangu, la kwanza nakujibu bila kuzunguka. Kichupa hicho hakina mahali sahihi pa kukaa ndani ya nyumba ya Mbezi. Hapa kwetu bangi na vitu vinavyotokana nayo vinaguswa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na hakimu hataangalia kwamba chupa ni nzuri na lebo ina picha ya jani la kijani lenye tabasamu. Shemeji aambiwe kwa upendo: mwakani alete viatu. Na ninyi msikipeleke kwa jirani, msikitie kwenye begi la safari, na kama mna wasiwasi na hatua ya kuchukua, muoneni wakili kabla hakijawa kesi.

Najua jarida hili linasomwa pia na wenzetu walioko Minneapolis, London na kwingineko, ambako sheria ni nyingine, na nao wana watoto na droo. Kwenu ninyi, kanuni ni zile zile za chupa ya Junior, ila adui wa kwanza hapa ni mwanga. Watafiti wa London walioandika mwaka 1976 waligundua kwamba mwanga ndio unaopoteza nguvu ya vitu hivi kuliko kingine chochote, hewa na joto vikifuatia. THC, ile inayolewesha, ikichakaa inageuka polepole kuwa kitu kingine kiitwacho CBN. Ndiyo maana chupa ni za kahawia au nyeusi. Usihamishie kwenye kichupa cheupe kwa sababu kinapendeza kwenye meza ya kioo. Mfuniko ubane, chupa isimame wima, na kidude cha kudondoshea kisiguse ulimi, la sivyo umerudisha mate ndani ya mafuta. Bafuni hapafai, joto na mvuke wa kila asubuhi.

Na hata hapo msidhani friji ndiyo jibu. Ipo dawa halisi ya hospitali yenye kanabidioli, Epidiolex, iliyoruhusiwa Marekani mwezi Juni 2018 kwa watoto wenye aina nzito za kifafa. Maelekezo yake yanasema ikae kwenye joto la kawaida la chumba, isiwekwe friza, isimame wima, na itupwe wiki 12 baada ya kufunguliwa. Hiyo imepimwa na kudhibitiwa. Zile za dukani ni jambo lingine, na baadhi zimewahi kukutwa na THC ambayo haikuandikwa kwenye lebo. Kwa mtoto anayetambaa tofauti hiyo si ndogo hata kidogo: mtoto aliyemeza THC anaweza kulala usingizi usioamshika kirahisi, na hata kupumua kwa shida. Chupa ifungiwe na kufuli, na akishameza usisubiri uone, mpeleke na chupa mkononi.

Sasa swali la pili, kukasirika. Kasirika, dada. Ila chagua cha kukasirikia. Mume kuwa na stresi asikwambie, hayo mtayaongea taratibu, na pengine ana hofu ya kazi ambayo anaona aibu kuisema. Lakini kuficha chupa, yoyote ile, ndani ya nyumba yenye mtoto wa kutambaa, hilo usilimeze. Mtu akificha, anaficha mahali pa chini, pa haraka, pasipo na kufuli, na hawezi kumwambia mwenzie "angalia mtoto asifike pale" kwa sababu mwenzie hajui kuna pale. Wewe ulikuwa unamwacha mtoto acheze chumbani kwa sababu ulijua hakuna kitu. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo, usiku mtoto akishalala, na simu zikiwa sebuleni.

Nasema hivi nikijua kwamba wanawake pia tunaficha. Dawa ya kupunguza mwili, matone ya nguvu za ndoa tuliyopewa kwenye kitchen party kwenye kichupa kisicho na jina, vidonge vya majira ambavyo mume hajui. Pochi ya mgeni ndiyo mbaya kuliko zote. Shangazi anakuja Jumapili, anaweka pochi kwenye kochi, mtoto anaanza upekuzi kama askari wa forodha. Siku hizi mgeni akiingia kwangu namwambia, "Shikamoo shangazi, karibu, naomba pochi nikuwekee juu." Wengine wananuna. Wanune.

Halafu kuna la mafuta ya taa. Hili si dawa, lakini siwezi kulipita. Mpaka leo watu wanaweka mafuta ya taa, dawa ya chooni na jiki kwenye chupa za soda na maji, chini ya sinki. Mtoto anajua chupa ile ina kitu kitamu, amefundishwa na wewe mwenyewe. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, maana yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko hatari ilipo. Usimpe maziwa. Kimbia hospitali. Usitegemee pia mifuniko ya kubonyeza na kuzungusha. Ni uvumbuzi mzuri, uliotokana na juhudi za daktari wa watoto Henri Breault huko Windsor, Canada, mwaka 1967, baada ya kuchoka kupokea watoto waliomeza dawa. Lakini mfuniko ule unamchelewesha mtoto, haumzuii. Junior aliufungua akiwa na miaka minne huku namtazama, akanirudishia kwa heshima zote.

Sisi nyumbani tulifanya hivi. Kontena moja la plastiki lenye mfuniko, juu ya kabati la chumbani kwetu, upande wenye kivuli, limefungwa. Zinazotaka baridi zina kontena lao dogo kwenye rafu ya katikati ya friji. Maka peni nyeusi imefungwa kwa uzi pale pale, na chupa ikifunguliwa unaandika tarehe ya leo na tarehe ya kuitupa, moja kwa moja kwenye chupa, si kwenye boksi, kwa sababu boksi hutupwa kwanza. Chini yake unaandika herufi moja, M au B, ya aliyeifungua. Aliyeifungua ndiye mwenyewe. Atamaliza dozi naye, atampa dada maagizo kwa kuandika, na siku ikifika ataitupa. Baba Junior mwanzoni alicheka, akasema tumegeuza nyumba kuwa stoo ya serikali. Sasa hivi yeye ndiye mkali, aliwahi kunipigia simu ofisini kuniuliza kwa nini chupa ya M imepitisha siku mbili.

Kuitupa nako kuna utaratibu wake. Usiimimine kwenye sinki wala chooni, na usiiweke pipani ikiwa nzima, wapo watoto wanaopekua mapipa. Kwanza muulize mfamasia wako kama anapokea. Kama hapokei, imimine kwenye mfuko wa plastiki wenye udongo au majani ya chai yaliyokwisha kutumika, changanya mpaka iwe uchafu usiotamanika, funga, ndipo utupe. Lebo ichane, jina la mtu lisizagae jalalani.

Junior sasa yuko darasa la tatu. Sikio liliziba, tulipimwa mara mbili, anasikia vizuri. Anasikia vizuri mno. Juzi usiku mimi na baba yake tunanong'ona chumbani, mlango umefungwa, tunajadili kama tumpeleke Tanga kwa bibi likizo hii au tungoje ya mwezi wa kumi na mbili. Sauti ikatoka sebuleni: "Mama, mimi naenda hii hii."

Tukutane mwezi ujao. Nimepokea barua kumi na moja kuhusu ndugu wa mume wanaokuja kwa wiki moja wakakaa miezi mitatu, nadhani wakati wake umefika.